Betri za AGM: Je, zinadumu kiasi cha kustahili bei yake katika magari ya kila siku?

Katika maduka ya vipuri ya Kisekka mjini Kampala, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, betri mbili za gari zenye ukubwa sawa na volti sawa zaweza kukaa kwenye rafu moja, huku moja ikiuzwa kwa bei inayokaribia mara mbili ya nyingine. Mara nyingi tofauti hiyo imeandikwa ubavuni kwa herufi tatu tu: AGM.

Muuzaji atasema kwamba betri hiyo inadumu. Fundi wa jirani atasema kwamba ni kutupa fedha. Wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa kuwa umri wa betri ya AGM hautokani na jina lake pekee. Unatokana pia na gari ilimofungwa, joto linaloizunguka na namna inavyochajiwa. Anayeinunua pasipo haja hulipia sifa asizozitumia. Anayefunga betri ya kawaida katika gari lililotengenezwa kwa ajili ya AGM naye hujikuta dukani tena mapema kuliko alivyotarajia.

Makala haya yanaeleza betri hiyo ni nini, ni magari gani yanayoihitaji, kinachofupisha maisha yake, na namna mwenye gari anavyoweza kupima iwapo bei yake inamfaa.

AGM ni nini?

Betri ya AGM ni ya ukoo uleule wa betri za risasi na asidi ulioasisiwa na mwanasayansi Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Tangu kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza magari yenye starta ya umeme mwaka 1912, kwa ubunifu wa mhandisi Charles Kettering, betri za ukoo huo ndizo zilizozoeleka kuwasha injini za magari duniani kote.

Katika betri ya kawaida, mabamba ya risasi yamezama ndani ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Asidi hiyo ni kimiminika kinachotikisika, na betri ikipinduka humwagika. Katika betri ya AGM, asidi imenyonywa na mikeka myembamba ya nyuzi za kioo iliyopangwa katikati ya mabamba, kama maji yanavyonyonywa na sponji. Herufi AGM ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana hiyohiyo, yaani mkeka wa kioo ulionyonya asidi.

Teknolojia hiyo iliendelezwa na kampuni ya Gates Rubber ya Denver, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye ilienea katika mitambo ya simu na katika vifaa vya kulinda kompyuta wakati umeme unapokatika. Miongoni mwa magari ya kwanza ya watu binafsi kutoka kiwandani na betri ya aina hiyo ni Mazda MX-5, iliyozinduliwa mwaka 1989 ikiwa na betri yake ndani ya buti.

Mikeka hiyo ya kioo huleta faida tatu ambazo ndizo chanzo cha sifa zote za AGM.

Faida ya kwanza ni kwamba betri haipotezi maji kwa urahisi. Betri yoyote ya risasi inapokaribia kujaa chaji, sehemu ya maji yake hugawanyika kuwa gesi za oksijeni na haidrojeni. Katika betri ya kawaida gesi hizo hutoka nje, na ndiyo maana mwenye gari huongeza maji ya betri. Katika AGM, oksijeni hupenya katika mkeka hadi kwenye bamba la upande hasi na kugeuka tena kuwa maji. Vali ndogo hufunguka pale tu shinikizo la ndani linapozidi.

Ya pili ni kwamba asidi haijitengi. Katika betri ya kawaida ambayo haijazwi chaji kikamilifu, asidi nzito hushuka chini na maji mepesi hubaki juu, kisha mabamba huchakaa bila usawa. Mkeka huizuia asidi isishuke hivyo.

Ya tatu ni kwamba mabamba yamebanwa. Mikeka na mabamba husukumwa kwa nguvu ndani ya kasha, kiasi kwamba unga wa risasi unaoshika chaji haudondoki kwa urahisi gari linaporuka mashimo. Kwa magari yanayopita kila siku katika barabara za murramu, sifa hii ina uzito wa pekee.

Si kila betri iliyofungwa ni AGM

Kosa la kawaida sokoni ni kudhani kwamba kila betri isiyohitaji kuongezwa maji ni AGM. Sivyo. Betri nyingi za kawaida zimefungwa juu na huuzwa kama zisizohitaji matunzo, lakini ndani yake asidi bado ni kimiminika. Kinachotofautiana ni mchanganyiko wa madini katika mabamba, unaopunguza upotevu wa maji bila kuuondoa.

AGM halisi huwa na maandishi ya AGM au VRLA kwenye kasha. VRLA ni jina la jumla la betri za risasi zenye vali ya kudhibiti gesi. AGM haina vifuniko vya kufungua ili kuongeza maji, na kwa kawaida ni nzito kuliko betri ya kawaida yenye ukubwa uleule.

Kati ya aina hizi mbili kuna ya tatu, inayojulikana kwa herufi EFB. Hii ni betri ya asidi ya kimiminika iliyoimarishwa mabamba yake ili istahimili kuchajiwa na kutumika mara nyingi. Bei yake huwa kati ya betri ya kawaida na AGM, na kwa magari mengi ya eneo hili ndiyo jibu ambalo wauzaji hawalitaji.

Kwa nini magari mapya yanaihitaji?

Kwa miongo mingi kazi ya betri ilikuwa fupi: kuwasha injini, kisha kuiachia alteneta kazi iliyobaki. Mambo yalibadilika yalipokuja magari yanayozima injini yenyewe yanaposimama kwenye taa za barabarani, kisha kuiwasha tena dereva anapoachia breki.

Wengi hudhani kwamba kinachoichosha betri ya gari la namna hiyo ni kuwashwa mara kwa mara. Hesabu yaonyesha vingine. Starta ikivuta ampea 150 kwa sekunde 2, inatumia chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea-saa moja. Lakini injini ikiwa imezimwa kwa dakika moja huku taa, feni, redio na kompyuta za gari vikivuta ampea 40, betri hupoteza takriban theluthi mbili za ampea-saa, yaani kama mara nane ya umeme uliotumika kuwasha. Katika msongamano wa magari wa saa moja, jambo hilo hujirudia mara nyingi.

Betri ya kawaida haikuundwa kwa kazi hiyo. Mabamba yake ni membamba, hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha hutarajia kujazwa mara moja. Ikipungua na kujazwa nusu kila siku, chembe za salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba na kuwa ngumu, na uwezo wake hupungua mwezi hadi mwezi. AGM hupokea chaji kwa haraka zaidi na hustahimili mizunguko mingi zaidi ya kupungua na kujazwa. Watengenezaji wengi hudai kwamba hustahimili hadi mara tatu ya betri ya kawaida.

Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, huenda mbali zaidi. Kompyuta yao huiacha betri makusudi bila kujaa, ili ibaki na nafasi ya kupokea umeme unaozalishwa gari linapopunguza mwendo. Betri ya kawaida iliyofungwa katika gari kama hilo huishi maisha yake yote ikiwa na njaa.

Suala hili linazidi kuwa na maana katika Afrika Mashariki kwa sababu ya sheria za umri wa magari. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Kadiri miaka inavyosonga, magari ya mtumba yanayoshuka bandarini Mombasa ni yale ambayo tayari yana mifumo ya kujizima au ni ya mseto, yaani yanayotumia petroli na umeme.

Kusoma maandishi ya betri za Japani

Kwa kuwa magari mengi ya mtumba katika ukanda huu hutoka Japani, ni vyema kujua maandishi yaliyo kwenye betri zake. Betri ya kawaida huwa na msimbo kama 46B24L. Namba ya kwanza ni daraja la nguvu, herufi inayofuata huonyesha upana na kimo, 24 ni urefu kwa takriban sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha jinsi vichwa vya betri vilivyopangwa. Mwenye gari akinunua L badala ya R, huenda nyaya zisifike, au fundi akazivuta kwa nguvu hadi zikalegea.

Magari ya Japani yanayojizima huwa na betri zenye misimbo mifupi kama M-42, N-55 au Q-85. Wengi hudhani hizo ni AGM, kumbe mara nyingi ni betri za kimiminika zilizoimarishwa, za jamii ya EFB. Kwa gari kama hilo, kununua nyingine ya msimbo uleule kunatosha, na hakuna ulazima wa kulipia AGM.

Msimbo unaotanguliwa na herufi S kabla ya namba, kama S34B20R au S46B24R, ni jambo jingine. Hiyo ni betri iliyofungwa yenye vali, na hupatikana zaidi katika magari ya mseto.

Magari ya mseto: betri ndogo, madhara makubwa

Toyota Prius na Aqua ni miongoni mwa magari ya mseto yanayojulikana zaidi katika barabara za ukanda huu. Kila moja lina betri mbili: kubwa ya volti nyingi inayoendesha gari, na ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta na swichi za mfumo. Betri ndogo haiwashi injini kabisa, kwani kazi hiyo hufanywa na betri kubwa. Kwa sababu hiyo AGM ndogo yaweza kudumu miaka mingi katika gari la mseto bila kulalamika.

Tatizo ni kwamba inapochoka haitoi ishara iliyozoeleka. Hakuna starta inayozunguka polepole asubuhi. Badala yake, taa za onyo huwaka kwa wingi kwenye dashibodi, milango haisikii ufunguo, au gari linakataa kuingia katika hali ya kuwa tayari kuondoka. Mwenye gari akiona taa hizo huogopa kwamba betri kubwa imekufa, na huenda akaingizwa katika gharama kubwa ilhali kilichohitajika ni kupima betri ndogo ya volti 12. Kuipima hiyo kwanza, kwa mita ya kawaida ya umeme, ni hatua ya dakika chache inayoweza kuokoa fedha nyingi.

Lipo pia suala la usalama. Betri ya volti 12 ya magari kadhaa ya mseto, ikiwemo Prius ya vizazi vingi, iko nyuma ndani ya gari, mahali ambapo hewa yake ni ileile wanayoivuta abiria. Ina kipira chembamba kinachopeleka nje gesi yoyote itakayotoka. Kuweka hapo betri ya kawaida isiyo na njia ya kuunganisha kipira hicho ni kuruhusu gesi ya haidrojeni, inayoshika moto kwa urahisi, kukusanyika karibu na watu. Katika gari la namna hii, uamuzi wa kununua AGM hauhusu thamani ya fedha pekee.

Joto: adui wa kwanza

Sifa nyingi za AGM zinazosomwa katika maelezo ya watengenezaji zimepimwa katika joto la takriban nyuzi 25. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa betri za risasi ni kwamba kila joto la betri linapopanda kwa nyuzi 10 juu ya hapo, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Betri ambayo ingedumu miaka 6 katika nyuzi 25 yaweza kudumu miaka 3 katika nyuzi 35.

Ndiyo maana aina moja ya betri hutoa ushuhuda tofauti mahali tofauti. Kampala, iliyo katika mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ina hali ya hewa inayoisaidia betri. Mombasa na Dar es Salaam miezi ya Januari hadi Machi, au Juba katika kiangazi chake kikali, huifupishia maisha. Chini ya boneti, kando ya injini ya gari lililokwama katika msongamano, joto hupita kwa mbali lile la nje.

Hapa AGM ina udhaifu ambao haitangaziwi. Betri ya kawaida ina kimiminika kingi kinachosaidia kusambaza joto, na maji yakipungua huongezwa. AGM haina akiba hiyo. Joto likizidi au chaji ikizidi, vali hufunguka, unyevu hutoka, na hakuna mlango wa kuurudisha. Mkeka ukikauka, betri imekwisha. Wanaotoboa kasha la AGM na kumimina maji huiharibu kabisa, na hujiweka katika hatari ya asidi.

Magari mengi ya Ulaya yaliyotengenezwa kwa AGM huweka betri ndani ya buti au chini ya kiti, mbali na injini. Kufunga AGM kando ya injini ya gari la zamani, bila kinga ya joto, ni kununua uimara kisha kuuchoma.

Chaji: adui wa pili

AGM iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kutumika, huonyesha takriban volti 12.8 hadi 12.9. Betri ya kawaida iliyojaa huonyesha takriban 12.6 hadi 12.7. Injini inapounguruma, volti kwenye vichwa vya betri katika magari mengi zapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.8.

Alteneta ya gari la zamani inayotoa volti ndogo kupita kiasi haiijazi AGM kikamilifu, na betri ghali hufa kwa njaa. Alteneta ambayo kidhibiti chake kimeharibika na kuruka juu ya volti 15 huikausha. Katika hali zote mbili, mwenye gari atailaumu betri ilhali mkosa ni alteneta. Fundi makini hupima alteneta kabla ya kufunga betri mpya ya aina yoyote. Izingatiwe tu kwamba katika magari yenye kompyuta inayosimamia chaji, volti hupanda na kushuka kwa makusudi, hivyo kipimo kimoja hakitoshi.

Katika magari kama BMW na mengine ya Ulaya, kompyuta hukumbuka umri wa betri na kurekebisha chaji kulingana nao. Betri mpya ikifungwa bila kompyuta kujulishwa kwa kifaa cha uchunguzi, gari huendelea kuichaji mpya kana kwamba ni kuukuu. Swali la kumuuliza fundi kabla ya malipo ni iwapo ana kifaa hicho.

Chaja za dukani nazo si sawa. AGM inahitaji chaja yenye hali maalumu ya AGM, au isiyozidi takriban volti 14.8. Chaja kuukuu zinazochemsha asidi ili kufufua betri ya kawaida huiua AGM.

Kuna pia unyonyaji wa kimyakimya wakati gari limeegeshwa. Kengele ya wizi na kifaa cha kufuatilia gari vikivuta kwa pamoja ampea 0.05, hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 itapoteza nusu ya chaji yake kwa takriban siku 19, hata kama haijaguswa. AGM hujipotezea umeme wake polepole kuliko betri ya kawaida, lakini haiwezi kuzuia kinachovutwa na vifaa hivyo.

Hesabu ya thamani

Swali la bei hujibiwa vyema zaidi kwa gharama ya kila mwezi kuliko kwa bei ya siku ya kununua. Mfano ufuatao si bei za soko, ni njia ya kukokotoa tu. Chukulia betri ya kawaida inagharimu 100 na AGM ya ukubwa uleule inagharimu 180.

Katika gari la kawaida lisilo na mfumo wa kujizima, betri ya kawaida ikidumu miezi 24, gharama yake ni takriban 4.2 kwa mwezi. Ili AGM ilingane nayo, ni lazima idumu zaidi ya miezi 43. Kando ya injini yenye joto, katika mji wa pwani, lengo hilo ni gumu kulifikia. Mwenye gari huyo angefaidika zaidi kwa betri nzuri ya kawaida, alteneta iliyopimwa na kibano imara kinachoizuia betri kucheza.

Katika gari linalojizima lililoundwa kwa AGM, hesabu hugeuka. Betri ya kawaida ikidumu miezi 12 tu, gharama yake ni 8.3 kwa mwezi, na AGM inahitaji kufika miezi 22 pekee ili ilingane nayo. Kila mwezi unaozidi hapo ni faida.

Kila mwenye gari anaweza kuweka namba zake mwenyewe. Anachohitaji ni kukumbuka betri iliyopita ilidumu miezi mingapi, na kuondoa katika bei mpya kiasi anachopewa kwa kurudisha betri kuukuu. Ikiwa betri zake hufa mapema kila mara, aulize kwanza zinauawa na nini. Kubadili aina ya betri hakuponyi alteneta mbovu.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Kwanza, tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa imeshaanza kuzeeka hata kama haijawahi kufungwa kwenye gari.

Pili, volti. Muuzaji aombwe kupima betri mbele ya mnunuzi. AGM mpya inayoonyesha chini ya volti 12.6 imekaa bila kuchajiwa, na ni haki ya mnunuzi kuomba nyingine.

Tatu, kasha. Lisiwe limevimba, limepasuka, au limebandikwa karatasi mpya juu ya maandishi ya awali. Kuvimba ni dalili ya joto au chaji iliyozidi.

Nne, kazi iliyokusudiwa. Baadhi ya betri za AGM hutengenezwa kwa ajili ya sola na mitambo ya simu. Hizo hutoa umeme kidogokidogo kwa saa nyingi, na hazikuundwa kwa mkupuo mkubwa wa kuwasha injini. Kufanana kwa jina hakuzifanyi kuwa betri za gari.

Tano, dhamana. Iandikwe tarehe, na stakabadhi itunzwe. Dhamana ya mdomo husahaulika haraka kuliko betri inavyokufa.

Baada ya kufunga

Vichwa vya betri visafishwe na kukazwa, na betri ibanwe isitikisike. Gari lisilotembea kwa wiki kadhaa lichajiwe kwa chaja inayofaa, kwa kuwa kuunguruma kwa dakika tano kila asubuhi hakujazi betri.

Iepukwe desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili kupima alteneta. Katika magari ya zamani yasiyo na kompyuta, desturi hiyo huenda haikuleta hasara. Katika magari ya leo, mruko wa volti unaotokea huweza kuunguza vifaa vya elektroniki vyenye bei kubwa kuliko betri yenyewe. Mita ya kawaida ya umeme hutoa jibu hilohilo bila hatari.

Betri iliyokufa haitupwi

Kila betri ya risasi, iwe ya kawaida au AGM, hubaki na thamani baada ya kufa, kwa kuwa risasi yake huyeyushwa na kutumika tena. Lakini kazi hiyo ikifanywa ovyo huua. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu viliwadhuru wakazi kwa sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi hao, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaidhinisha fidia hiyo.

Kwa mwenye gari, funzo ni jepesi kulitekeleza. Betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji anayeipeleka kwa wasindikaji wenye leseni. Isivunjwe nyumbani, asidi yake isimwagwe ardhini, wala risasi yake isiyeyushwe karibu na watoto.

Kwa muhtasari

Gari lililotoka kiwandani na AGM lirudishiwe AGM, hasa kama betri yake iko ndani ya gari au kama kompyuta ndiyo inayosimamia chaji. Gari la Japani lenye msimbo wa M-42, N-55 au Q-85 linatosheka na betri ya msimbo huohuo. Gari linalopita barabara mbovu kila siku, au lenye vifaa vingi vya umeme, laweza kunufaika na AGM iwapo betri haikai jirani na joto la injini na alteneta ni nzima. Gari la kawaida la zamani, lenye betri kando ya injini, halina sababu kubwa ya kuigharimia. Kwa gari hilo, hatua ya kwanza ni kipimo cha alteneta, na betri ya kawaida iliyo mpya kweli.